Mapigo Mia kwa Sekunde

Asia binti Abeid ana studio ndogo Mwanga, nyuma ya mafundi cherehani. Anarekodi kaswida na kuhariri video za harusi kwa kompyuta moja kuukuu, ambayo umeme ukikatika huishi kwa betri za sola. Ili betri zidumu, mwaka jana aliujenga upya mfumo endeshi wa kompyuta hiyo, akapunguza mapigo ya saa ya ndani kutoka elfu moja kwa sekunde hadi mia.

Mapigo hayo ni nyapara. Prosesa ya mashine ile hushika kazi moja tu kwa wakati. Kila pigo, mfumo huamka ukauliza nani zamu yake imekwisha, nani aingie. Mapigo yakiwa machache, aliye ndani hukaa zaidi, na aliye mlangoni hungoja.

Mama yake, Bi. Safina, alifariki Ujiji siku za masika. Alipokuwa mgonjwa, Asia alimwekea kinasa sauti kitandani aimbe kaswida za zamani, akatoka kumtafutia maziwa. Nyumbani hakubaki mtu mwingine. Sauti ile hakuifungua mpaka arobaini ilipokaribia, asubuhi moja, mama yake mdogo Ashura akiwa kando, na video ya harusi ikichakatwa kwenye kompyuta hiyohiyo.

Bi. Safina aliimba, akanyamaza. "Karibu," akasema. Spika zikakwaruza. Kimya.

"Anamkaribisha nani?" aliuliza Ashura.

"Hapakuwa na mtu, mama mdogo."

"Mbona sikusikia hodi?"

"Haipo."

Ashura alijifunga khanga upya. Wote wawili walimwaza Swaibu, kaka yake Asia, aliyekwenda kuvua dagaa na mtumbwi ukarudi bila yeye. Bi. Safina alikataa katakata mwanawe kusomewa khitma. "Hajaonekana," alikuwa akisema, "na asiyeonekana hafungiwi mlango." Tangu hapo nyumba yake haikukomewa. Sasa shehe alitaka majina ya marehemu, nao hawakujua kama la Swaibu liwemo.

"Rudisha nyuma," Ashura aliomba.

Mara hii neno "karibu" halikusikika. Kimya kilikuwa kimehamia pale, na baada yake mama akasema, kwa upole wa mtu anayetafuta taulo, "Mbona umelowa hivyo?"

"Zima, mwanangu! Zima!"

Asia hakuzima. Sauti iliyokatika wakati wa kurekodiwa hukatika palepale siku zote. Kimya kinachohama ni programu ya sauti iliyonyimwa zamu huku video imeishika prosesa. Maneno ya mama yalikuwemo, mazima. Angeweza kuisitisha video tu, lakini alitaka kujua kama mlango ule wa zamu aliufunga yeye, alipoyapunguza mapigo. Akaanza kuujenga mfumo upya, mapigo elfu.

Ilichukua muda. Adhuhuri ikapita.

"Mashine yako inapika makande?" Ashura alisema, lakini hakucheka, wala hakutaka kutoka peke yake.

Alasiri kompyuta iliwaka. Asia aliianzisha tena video ikimbie kama asubuhi, akafungua sauti. Haikukwaruza hata mara moja. Kaswida ikafika mwisho. Kitanda kikalia, kama mtu anayejiinua.

"Karibu, Swaibu. Karibu, baba. Mbona umelowa hivyo? Pita, pita ndani."

Kisha pumzi ya mama. Na karibu zaidi na kinasa, pumzi nyingine.

Walisikiliza mara tatu. Kila mara ilikuwa vilevile, mahali palepale.

Siku ya arobaini shehe alisoma majina mawili. Wageni walipoondoka, Ashura alisimama kwenye mlango wa nyumba ya Bi. Safina, mkono juu ya komeo lenye kutu, akamtazama Asia.

"Nifunge? Mama yako hakupenda."

"Alikuwa anamngoja," Asia alisema. "Ameshaingia. Funga."