Pikapu ya Kapteni Iliyozimika Njiani

Siku yangu ya kwanza gereji sikupewa spana. Nilipewa karai la petroli chafu lililojaa nati na boliti, nikaambiwa nizioshe. Fomani, msimamizi wa mafundi, alisema atajua kama mimi ni fundi au mpita njia kwa kuangalia nitakavyozipanga zikishakauka.

Nilikuwa mpita njia. Shule niliiacha darasa la sita, magharibi mwa Kenya. Nilikuwa nimechoma mikate Busia na kupakia magunia ya kahawa Tororo, na Kampala nilifika kwa sababu lori nililodandia liliishia hapo. Lakini kila nati niliitafutia boliti yake, maana nilitaka kujua ilitoka wapi kwenye injini. Fomani alipoona hivyo hakunisifu. Alinionyesha tu pa kutundika shati langu.

Gereji ilikuwa Kawempe, pembeni mwa barabara ya Bombo. Mhindi aliyeijenga alikuwa amefukuzwa nchini pamoja na wenzake, na serikali ya kijeshi ikampa mtu ambaye hata boneti hakujua kuifungua. Huyo alikuja Ijumaa tu. Kazi yote aliibeba Fomani, Mganda wa makamo, mpole, aliyezungumza Kiswahili alichojifunza kwa wateja askari.

Vipuri havikupatikana. Gasketi, yaani karatasi ngumu inayozuia mafuta kuvuja kati ya chuma na chuma, tulizikata kwenye maboksi. Pointi, vile vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana ili plagi ipate moto, tulizisugua kwa msasa mpaka zikabaki nyembamba kama ukucha. Kwa ajili ya uhaba huo wateja waliogopa mafundi watawaibia vipuri vizima, hivyo kila gereji ilikuwa na desturi moja: ukibadilisha kitu, kile kibovu unamrudishia mwenye gari, kimefungwa kwenye gazeti. Fomani alikuwa mkali sana juu ya jambo hilo. Alisema mteja asipokishika kibovu kwa mkono wake, hatakuamini hata ukiapa.

Pikapu ya Kapteni mmoja wa jeshi ililetwa na dereva wake, askari aliyeitwa Ogwang, mtu mrefu kutoka Lango, kaskazini. Ilikuwa ya kijani, imezeeka, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja: ilizimika njiani bila sababu, ikakaa kimya, kisha ikakubali kuwaka kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ugonjwa wa kuja na kuondoka ndio mgumu kuliko yote. Kitu kilichovunjika utakiona, lakini huu ukifika gereji unakuwa umepona. Tulisafisha kabureta, panapochanganywa petroli na hewa. Tukabadilisha kondensa, tukaipasha moto koili inayopeleka umeme kwenye plagi, kuona kama joto ndilo linaloiua. Injini ilinguruma siku nzima pale uani.

"Hii gari inaogopa fundi kama mtoto anaogopa sindano," alisema Ogwang, nasi tukacheka.

Alipoacha kucheka alimvuta Fomani kando, nami nikasikia. Kapteni alikuwa ameshakwama barabarani mara kadhaa, mara ya mwisho wakubwa wake wakiwa kwenye magari ya nyuma.

"Amesema ikizima tena na yeye ndani, atajua ni mimi naizima. Mzee, wewe unajua mimi natoka wapi."

Fomani alijua, na mimi nilijua. Siku zile askari wa Lango na Acholi, waliodhaniwa ni watu wa rais aliyepinduliwa, walikuwa wakiitwa kutoka kambini na hawarudi. Hakuna aliyelisema kwa sauti. Mtu kama Ogwang hakuhitaji kosa kubwa.

Nikaomba tuiendeshe mpaka izimike, hata kama ni mpaka Bombo. Tulikwenda mbali, tukageuza, tukaipita gereji kuelekea mjini, ikatufia Kalerwe, mbele kabisa ya wauza ndizi. Mama mmoja alisimama na kuuliza kama magari ya jeshi nayo siku hizi yanalala njaa kama watu. Wenzake walimvuta gauni akae chini. Ogwang alijifanya hakusikia.

Nilifungua boneti. Pampu za zamani zilikuwa na kikombe cha kioo ambamo petroli hupita ikielekea kwenye kabureta. Kikombe kilikuwa kitupu. Moto ulikuwepo, mafuta hayakufika. Fomani alianza kufungua pampu, na mimi, ili nijue kama kweli tangi lina kitu, nikaenda kufungua kifuniko chake. Tangi likavuta pumzi. Lilivuta kwa nguvu, kwa sauti, kama mtu aliyezama akaibuka. Ogwang alipopiga staata, kikombe kilijaa mbele ya macho yetu na injini ikawaka.

Fomani akanipokonya kifuniko, akakigeuza. Ndani kulikuwa na kipande cha mviringo cha mpira wa baiskeli, kimekatwa kwa wembe, kwa ustadi mkubwa, kikaziba kila mahali.

Tangi la petroli lazima lipumue. Kifuniko huwa na kitundu kidogo, upana wa sindano, ili mafuta yakitoka hewa iingie. Ukikiziba, pampu itavuta mpaka ishindwe, na gari litazimika. Ukisubiri, hewa itapenya polepole mahali fulani, nalo litawaka. Uani tulikuwa tunatia petroli kidogo kidogo na kufungua tangi kila mara. Ndiyo maana halikuugua.

"Nani aliweka huu?" Fomani aliuliza.

"Mimi." Ogwang hakuona ubaya wowote. Petroli aligawiwa kwa kipimo. Kifuniko kilikuwa kimelegea na kwenye mashimo ya barabara mafuta yalimwagika, na kambini wakaanza kusema anayauza. "Nilikuwa nalinda mafuta ya afande."

Fomani aliutoa ule mpira, tukarudi gereji. Uani alikaa juu ya tairi, akamwita Ogwang. Alimwambia kwamba ukweli wake ni mzuri, lakini ukifika kambini utakuwa neno moja tu: dereva aliziba tangi.

Kapteni alikuja mwenyewe. Hakuuliza gari limepona vipi.

"Kibovu kiko wapi?"

Fomani alimpa gazeti. Ndani yake alikuwa ameweka dayaframu, ule mpira mwembamba wa ndani ya pampu, uliopasuka zamani kwenye gari la mtu mwingine. Nilimtazama usoni. Sikuwa nimewahi kumwona akimpa mteja kitu cha uongo. Kapteni aliinua ule mpira juani, akaona mwanga ukipita kwenye mpasuko.

"Kwa hiyo si mtu?"

"Si mtu, afande. Ni uzee."

Kapteni akacheka, akapanda. Ogwang aliendesha, na walipotoka getini aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani kutuaga.

Alirudi mara chache kubadilisha oili. Mara moja alituletea simsim ya kwao, yaani ufuta uliosagwa, tukaila na muhogo. Kisha pikapu ikaja na dereva mwingine. Nilifungua mdomo niulize. Fomani akanikanyaga mguu, akamwuliza yule dereva habari za injini tu. Injini ilikuwa nzuri sana, alisema.

Baadaye alikuja mwanamke na mtoto mgongoni. Alisema mumewe, Ogwang, alimwagiza kwamba akipata shida aje kwa mafundi wa Kawempe. Hakuomba kitu. Alitaka kujua jambo moja, kwa sababu kambini waliposema naye walimwambia mumewe aliharibu gari la mkubwa.

"Ilizima tena?"

"Hapana, mama," Fomani alimjibu. "Haikuzima tena hata siku moja. Mume wako hakuharibu kitu."

Mwanamke alimfunga mtoto vizuri, akaondoka. Fomani hakushika spana tena siku hiyo. Jioni aliniambia nirudi kwetu, maana Wakenya nao walikuwa wameanza kutazamwa vibaya. Niliondoka.

Nilifanya kazi Jinja utawala ule wa kijeshi ulipoanguka, kisha Kitale, Eldoret, na mwisho karakana ya Kyambogo, ambako mgongo ulinistaafisha. Vijana wananiuliza nilijifunza wapi kutafuta ugonjwa usioonekana, nami ninawaeleza habari za tangi na pumzi yake, nao wanaelewa upesi. Wengi wa kwao Ogwang walikimbia nchi miaka ile, wakanusurika. Kwa hiyo katika kila mji niliofanya kazi, nilipokutana na mtu wa Lango wa umri wangu, nilimwuliza kama alimjua dereva mmoja mrefu aitwaye Ogwang. Nimeacha kazi. Kuuliza sijaacha.