Picha ya Sarang'ombe, Habari ya Kawangware

Iko siku moja ambayo nikiikumbuka bado nakunja uso, mwanangu, ingawa imepita miaka mingi na wengi waliokuwapo tumeshawazika. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu miezi minane tu, nina shahada, nina ndevu nilizozifuga kwa makusudi, na nina swali kwa kila mtu. Nilimhoji mhubiri, nikamhoji chifu, nikamhoji hata baba yangu mezani hadi akaacha chakula. Kitu kimoja tu sikukihoji: karatasi niliyoiandika mimi mwenyewe.

Imenirudia jana jioni, nilipokuwa nikitazama habari. Kijana mmoja alisimama mbele ya lango lililofungwa, akatumia dakika nne kutueleza kwamba lango limefungwa. Zikafuata picha za mafuriko ya wiki hii, na nyuma ya maji nikaona duka ambalo najua lilibomolewa zamani. Mama aliyefiwa akasukumiwa kipaza sauti mdomoni na kuulizwa anajisikiaje. Nikazima. Nimechoka, mwanangu, na sitaki kujifanya sijachoka.

Lakini usidhani nitakuambia kwamba enzi zetu habari zilikuwa safi na ninyi ndio mliozichafua. Wazee wenzangu wanapenda kusema hivyo, nami huwauliza kama wamesahau au wanadanganya. Ubovu huu tuliuanza sisi. Mimi mwenyewe nilikuwapo, katika miaka ya sabini, na nitakueleza nilivyouanza.

Siku hizo tulipiga picha kwa filamu, nayo haikuwa na sauti. Filamu ikisafishwa, mwandishi aliandika maneno ya kuendana na picha, na msomaji wa habari akayasoma zikipita. Kwa hiyo picha ilikuwa bubu, na sisi ndio tuliokuwa mdomo wake. Kwenye kabati la ofisi kulikuwa na mkebe mmoja wa filamu uliobandikwa karatasi iliyoandikwa "Mabanda". Humo mlikuwa na vipande vilivyobaki kutoka Kibera, Kawangware na kwingineko, vimeunganishwa bila jina la mtu wala la mtaa. Kukitokea moto katika mtaa wa mabanda, mkebe ule ulitolewa. Kukitokea kipindupindu, vivyo hivyo. Niliukuta ukitumika, na mimi mwulizaji wa kila kitu sikuuliza.

Siku yenyewe ililetwa taarifa kwamba polisi wamekamata wapika chang'aa, ile pombe haramu, Kawangware, upande wa Kabiro. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Nilijua matope ya Kabiro, na nilikuwa nimevaa viatu vipya vya ngozi. Nakuambia kuhusu viatu ili usije ukatafuta sababu kubwa zaidi, maana hakuna. Nikaketi ofisini, nikainakili taarifa ya polisi kwa lugha tamu zaidi, kisha nikautoa mkebe. Nikachagua kipande kizuri cha mwanamke aliyeinamia pipa linalotoa mvuke, akikoroga kwa mti mrefu, kisha anainua uso na kutabasamu. Nikaandika: "Hawa ndio wanaotia sumu vijana wetu." Habari ikasomwa saa moja jioni. Mhariri alinipiga begani. Nikaenda nyumbani nimefurahi.

Asubuhi yake alinijia Mzee Owino, mpiga picha wetu. Alikuwa amepiga picha tangu siku za mkoloni na alikuwa anaishi hapo hapo Kabiro, kwenye vyumba vya kupanga. Hakuketi.

"Kijana," akasema, "Sarang'ombe imehamia Kabiro lini?"

Nikamwuliza ana maana gani.

"Yule mama wa pipa ni wa Sarang'ombe, kule Kibera. Mimi ndiye nilimpiga picha, na wewe ulikuwa umesimama kando yangu. Ile ni githeri."

Ndipo nikakumbuka. Miezi mitano nyuma tulikwenda Sarang'ombe kutengeneza habari ya akina mama wanaowapikia wajenzi. Mama Nekesa, mwanamke aliyetoka upande wa Bungoma, alipika githeri, yaani mahindi na maharagwe, katika nusu pipa kila siku, na wajenzi walikula kwake kabla ya kwenda kazini. Ni mimi niliyemwomba afunge kitambaa vizuri na kutabasamu. Nikamwahidi kwamba ataonekana. Habari ile haikuwahi kutoka, ilikosa nafasi, na filamu yake ikatupwa ndani ya mkebe.

Nilijitetea, mwanangu, na utetezi wangu ndio unaoniaibisha zaidi ya kosa. Nikamwambia Mzee Owino kwamba mabati ni mabati, nani atatofautisha? Akaniangalia kama mtu anayetazama chakula kilichoharibika.

"Wao watatofautisha," akasema. "Ama ulifikiri sisi hatutazami?"

Hapo ndipo aliponishika. Kweli, nilifikiri hawatazami. Nilisoma vitabu vingi juu ya haki ya wanyonge, na bado nilipoandika habari zao niliwaandikia watu wengine, watu wa nyumba zenye sebule na makochi. Sikuwahi kuwaza kwamba Kibera ina ukumbi wa mtaa, na ndani ya ukumbi kuna televisheni ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli, na kila jioni mtunza ukumbi huifungua na watu mia wakaketi chini kutazama. Jioni ile walimwona Mama Nekesa, na ukumbi mzima ukamtambua.

Nilikwenda Sarang'ombe siku hiyo hiyo. Pipa lilikuwa limefunikwa. Nilipata habari zote kabla sijafika mlangoni. Msimamizi wa wajenzi alikuwa amewakataza watu wake kula pale. Chifu alikuwa ametangaza zamani kwamba nyumba itakayokutwa na wapika pombe itabomolewa, kwa hiyo mwenye nyumba, mzee aliyekuwa na vyumba sita mfululizo, alimpa Mama Nekesa hadi mwisho wa mwezi ahame. Alikuwa na watoto wanne ndani ya chumba kile, na hakuna mahali pengine karibu na wajenzi ambapo angeruhusiwa kuwasha moto mkubwa. Nikaenda kwa mwenye nyumba kumwambia ni githeri. Akanijibu kwa upole kabisa.

"Najua ni githeri. Mimi mwenyewe nakulanga kwake. Lakini serikali imemuona kwa televisheni, sasa mimi ni nani niseme haikuona?"

Nimeishi miaka mingi, sijasikia lawama kubwa kuliko hiyo kwa kazi yetu. Mtu amekula chakula, amekionja kwa ulimi wake, na bado analifuata sanduku letu kuliko ulimi wake.

Kisha nikaingia kwa Mama Nekesa. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya msamaha, mengine ya Kiingereza. Aliyasikiliza yote huku akichambua maharagwe ambayo hakuna mtu angeyanunua.

"Umemaliza?" akaniuliza. "Sasa sikia. Uliniharibia jina mbele ya watu wote, halafu unakuja kuniomba pole hapa tukiwa wawili. Hiyo pole nitampelekea nani? Enda uiseme mahali ulisema ile ingine."

Nikarudi ofisini, nikaandika mistari minne ya kusahihisha. Mhariri akaisoma, akaikunja, akaitia katika droo. Hakukasirika. Alinieleza kama mtu anayemfundisha mgeni njia ya kwenda kituoni. "Tukisema leo kwamba tulikosea jana, kesho watauliza kuhusu juzi." Nikabishana naye, nikapandisha sauti, nikamtajia maadili. Akaniambia niende nikanywe chai.

Zilibaki siku tisa mwezi uishe. Jumapili jioni nikaenda kwenye ukumbi wa Kibera, nikamwomba mtunza ukumbi aniruhusu kusema neno kabla ya habari. Nikasimama mbele ya sanduku. Mtu mmoja kutoka nyuma akasema, "Buda, toka hapo, wewe si kioo," na watu wakacheka. Nikasubiri wamalize. Nikawaambia jina langu na kazi yangu. Nikawaambia kwamba yule mama hakupika pombe, kwamba picha ile ilikuwa ya githeri na ya miezi mitano nyuma, kwamba Kawangware sikufika, na kwamba maneno yale niliyaandika mimi nikiwa nimeketi kitini.

Nikadhani yamekwisha. Ndipo fundi seremala mmoja aliyeketi mbele, bado ana vumbi la mbao kwenye nywele, akauliza kwa utaratibu: "Na ule moto wa Soweto, hapa hapa Kibera, mlituonyesha, je? Ndugu yangu aliungua hapo. Nilitafuta nyumba yake kwa ile picha, sikuiona."

Mwanangu, mhariri wangu alikuwa amesema kweli. Wangeuliza kuhusu juzi. Ningeweza kusema sijui. Nikasema moto ule ulitoka katika mkebe, na ulikuwa moto wa mahali pengine. Yule fundi akatikisa kichwa, si kwa hasira, kama mtu aliyekuwa akijua siku zote na sasa amethibitishiwa. Akasimama, akatoka. Wengine kama ishirini wakamfuata. Mtunza ukumbi akaniuliza kama sasa afungue au asifungue, nami nikasogea kando ya sanduku.

Mwenye nyumba wa Mama Nekesa alikuwa humo ukumbini. Akanitaka niandike yote niliyosema na kuweka sahihi, nikaandika juu ya goti langu, naye akampelekea chifu asubuhi. Mama Nekesa akabaki na chumba chake. Wajenzi walirudi, ingawa si wote. Mimi nilipewa barua ya onyo na kuondolewa kwenye habari za mitaani kwa mwaka mzima, jambo ambalo kwa mtu aliyependa viatu safi halikuwa adhabu kubwa.

Nilipomrudia Mama Nekesa baadaye aliniuzia githeri kama anavyowauzia wengine, akanirudishia chenji hadi senti ya mwisho. Hakuniita mwanangu, wala hakuniuliza habari za nyumbani. Mwaka wa adhabu ulipokwisha nikaenda Sarang'ombe na Mzee Owino kwa habari ya mfereji wa maji, habari ya kweli, yenye faida kwao. Mzee Owino alipoinua kamera, mama wa kwanza akageuza mgongo. Wa pili akaingia ndani. Mtaa mzima ukatuonyesha migongo, tukarudi na filamu ya migongo.

Basi watu wakikuambia kwamba habari za televisheni zimeharibika kwa sababu ya mashine mpya au haraka ya siku hizi, sikiliza kwa adabu, kisha wahoji. Mashine yetu ilikuwa ya pole pole na tulidanganya nayo vizuri sana. Habari huharibika siku mwandishi anapodhani kwamba mtu anayemwandika hayupo miongoni mwa wanaotazama. Wewe ukiandika, mweke yule mtu mstari wa mbele, aketi hapo na kitambaa chake, kisha usome maneno yako mbele yake uone kama sauti haitakwama. Nenda mahali penyewe, hata kama ni matope. Picha ya mtu ipeleke alikokupa ruhusa uipeleke, usiivushe hatua moja zaidi. Ukikosea, na utakosea, sahihisha pale pale ulipokosea na kwa sauti ile ile, hata wakiuliza kuhusu juzi. Na hayo maswali yako makali uliyofundishwa chuoni, anza nayo kwenye karatasi yako kabla hujayapeleka kwa waziri.

Na wewe usiyeandika, unayetazama tu, usiwe kama yule mwenye nyumba. Ulichokionja kwa ulimi wako, kisimamie.

Mungu akupe miguu isiyoogopa njia, akupe na aibu ya kutosha kukuamsha usingizini unapomwonea mtu. Akujalie kila mlango unapobisha hodi ufunguliwe na mtu anayekutazama usoni.