Siku Ng'ombe Walipolilamba Darasa Letu

Nimewahi kujikwaa mbele ya madhabahu nikiwa nimebeba sahani ya sadaka, na nimewahi kumtaja bibi harusi kwa jina la mchumba wa zamani wa bwana harusi, kanisa zima likisikia, lakini aibu zote hizo nikizifunga furushi moja hazifikii ile niliyoipata kwenye darasa la mfano. Nawasimulia mwenyewe kwa sababu najua nusu yake mmekwisha kuisikia sokoni Same, na hiyo nusu ya sokoni ina ng'ombe wengi kuliko waliokuwepo.

Shule yetu ya msingi iko huku chini tambarare, upande wa jua kali. Madarasa ya zamani ni ya bati tupu na madirisha madogo, na ikifika saa sita watoto wanasinzia kama kuku waliofunikwa tenga. Basi halmashauri ikatuletea injinia kijana, Namsifu, binti niliyemfundisha mwenyewe shule ya Jumapili alipokuwa hajaota meno ya mbele (nilimfundisha amri kumi zote, mkumbuke hilo, maana mimi nililisahau). Namsifu akaja na mchoro wa darasa la namna nyingine kabisa. Matofali ya udongo wa hapa hapa, yanayoshindiliwa kwa mashine na kukaushwa kivulini, ili tusikate miti ya milimani kuchomea tanuru. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini ili jua lisiingie kwa hasira. Upenu mpana, matundu ya hewa juu karibu na dari, gata la kukinga maji ya mvua hadi kwenye tangi. Na ndani na nje, lipu ya udongo laini.

Tujenge kwanza chumba kimoja, akasema. Mkaguzi atakuja kutoka mkoani kukiangalia. Akikikubali, madarasa yote mapya ya shule yetu yatajengwa hivyo, na shule nyingine za wilaya zitafuata. Akikikataa, tunarudi kwenye tanuru na bati tupu.

Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Msidhani najua kujenga. Nilichaguliwa kwa kuwa nafungua kikao kwa sala na kukifunga kabla chai haijapoa.

Matofali yalikwenda vizuri, namshukuru Mungu. Wananchi walijitokeza kwenye msaragambo, kazi yetu ya pamoja, kama zamani, wanawake wakibeba maji, wanaume wakibeba udongo na maoni. Tukafika kwenye lipu. Hapo udongo ukatukatalia. Ulikuwa mgumu, unashikana na koleo na kuacha ukuta, tunaukanyaga shimoni asubuhi nzima na bado una mabonge. Namsifu alikuwa amepanda milimani Myamba kuangalia shule nyingine, akaacha maagizo: udongo, mchanga, majani makavu yaliyokatwa, maji, basi, tukanyage kwa subira.

Sasa, mimi ni Mpare, na Mpare anajua kitu kimoja kuhusu vitu vigumu. Maharage yakikataa kuiva kwenye makande, mama anatia magadi, na yanalainika yenyewe. Nikasimama pale shimoni, udongo umenifika magotini, nikawaza: kama magadi yanalainisha maharage yaliyokaa ghalani tangu mwaka jana, udongo ni nani? Nikaenda nyumbani, nikakuta mke wangu yuko shambani, nikachukua gunia dogo la magadi alilonunua kwa ajili ya jikoni, nikarudi na kulimwaga lote shimoni wakati wenzangu wamepumzika. (Kimya kimya. Nilitaka waone muujiza kwanza, halafu waulize.)

Na muujiza ulitokea! Udongo ukalainika kama uji wa mgonjwa. Watu wakakanyaga huku wakiimba, fundi akapaka ukuta mzima kabla jua halijazama, akasema, "Mzee Kiangi, leo umeuombea udongo huu nini?" Nikatabasamu tu, kwa unyenyekevu wa uongo, ambao ndio mbaya kuliko majivuno.

Baada ya siku chache ukuta ulipokauka ukaanza kuota weupe, kama mtu amepuliza unga. Namsifu akarudi, akapitisha kidole, akakiangalia kidole.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Mzee, huu weupe sijawahi kuuona. Mmeongeza kitu chochote kwenye udongo?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Neno moja tu. Lakini nilimwona yule binti wa shule ya Jumapili ananitazama kama mtu anayejua udongo, na mimi mwalimu wake ningesemaje, kwamba nimejenga darasa la serikali kama ninavyopika makande? Nikasema, "Hapana mwanangu. Ni maombi tu." Nilimtaja Mungu kwenye uongo wangu. Mungu mwenyewe aliniachia kamba nijifunge.

Dalili niliipata siku moja kabla ya ukaguzi. Ndama mmoja wa Mzee Loshiro, jirani yetu Mmasai anayepitisha ng'ombe wake hapo kila siku kwenda lamboni, nilimkuta amesimama kwenye kona ya darasa anailamba kama mtoto na koni. Nikamfukuza kwa kofia. Nikatazama huku na huku, hakuna aliyeona, nikaenda zangu kunywa chai. Jamani, hata Farao, na moyo wake mgumu, alielewa ishara kuliko mimi.

Siku ya ukaguzi nilivaa koti langu la pasaka. Asubuhi mapema nilikwenda kuhakikisha mambo, nikaegemea ukuta kidogo nikifurahia kazi ya mikono yetu, mgongo wote wa koti ukashika ule weupe. Mke wangu, Mama Eliamini, alikuwa na wenzake wanapika makande ya wageni nyuma ya ofisi ya mwalimu mkuu, na kwa mbali nilimsikia akilalamika kwamba mtu amemwibia magadi. Nikapita upande wa pili.

Mkaguzi akafika saa sita, mtu mnene, mpole, mwenye karatasi kwenye ubao wa kuandikia na kalamu tatu mfukoni. Watu wakajipanga mbele ya darasa. Nikaombwa nifungue kwa sala. Nikafumba macho nikaanza, na mnanijua, nikishukuru huwa siruki hatua: nikashukuru kwa mvua iliyopita na ijayo, kwa safari ya mgeni, kwa barabara, kwa gari, kwa matairi yake. Nikawa nasikia sauti nyuma yangu, slap, slap, slap. Nikadhani wanawake wanapiga makofi taratibu kwa kuguswa na Roho. Nikaongeza sauti. Nikahisi kitu cha joto na kizito kinanipapasa mgongoni, toka kiunoni hadi shingoni, mara moja, mara mbili. Nikajua ni mkaguzi, ameguswa kupita kiasi, ananipongeza. Nikasema, "Na umbariki huyu mtumishi wako anayenigusa sasa hivi."

Watu wakacheka ndani ya sala. Nikafumbua macho.

Ng'ombe jike mweusi mwenye pembe pana alikuwa analilamba koti langu la pasaka. Nyuma yake darasa lilikuwa limezungukwa, kundi zima la Mzee Loshiro limejipanga ukutani kama watu kwenye foleni ya maji, ndimi nje, slap, slap, na lipu ya udongo inashuka vipande vipande. Nikakimbia. Ng'ombe akanifuata, maana chakula chake kilikuwa kinakimbia. Nikaingia ndani ya darasa, akaingia. Nikatokea dirishani (madirisha ya Namsifu ni mapana, namshukuru Mungu na injinia), nikaacha koti mdomoni mwa yule ng'ombe, kama Yusufu kwa mke wa Potifa, ila Yusufu hakuwa na kosa.

Mzee Loshiro akafika mbio na fimbo yake, akasimama, akatazama ukuta, akanitazama mimi na shati langu.

"Kiangi, rafiki yangu. Hii ni shule ama ni chumvi ya ng'ombe?"

"Ni shule, Loshiro. Waondoe!"

"Niwaondoeje? Mimi natembea siku nzima kutafutia hawa magadi, wewe umewajengea nyumba ya magadi. Waambie watoto wangu waje wasome hapa, shule yenu ni tamu."

Wakati watu wanajishika mbavu, mimi nilikuwa namtazama mkaguzi. Yeye hakucheka. Alikwaruza ukuta kwa kalamu, akamgeukia Namsifu akasema kwa upole uleule, "Injinia, pole. Nilikuja na moyo mzuri. Lakini mchanganyiko wako una kasoro, na siwezi kupitisha jengo linaloliwa." Akaanza kuandika. Namsifu alikuwa amesimama wima, hajui hata ajitetee kwa lipi, kwa sababu kitu pekee alichohitaji kukijua alikiuliza, na mwalimu wake wa amri kumi akamjibu uongo.

Nikasema, "Ni mimi."

Hakuna aliyesikia. Nikapiga kelele, nikiwa na shati lililochanika na kofia sijui iko wapi: "Bwana mkaguzi, ni mimi! Binti hana kosa. Aliniachia maagizo, nikatia magadi. Akaniuliza, nikakana. Mchoro ni mzuri, mzee ndiye mbovu!"

Kutoka nyuma ya ofisi sauti ya Mama Eliamini ikaja kama tarumbeta: "Magadi gani? Yangu?"

"Yako, mama."

"Gunia lote?"

"Lote."

"Baba Eliamini! Nimewapikia wageni makande ya kokoto tangu alfajiri, nayasingizia maharage, kumbe magadi umeupikia ukuta!"

Hapo hata mkaguzi alishindwa. Alicheka hadi kalamu mbili zikamtoka mfukoni.

Alipopata pumzi, akamuuliza Namsifu matofali yenyewe yana nini, naye akaeleza. Mkaguzi akagonga, akachunguza mahali lipu ilipotoka, tofali lilikuwa zima. Akaenda mlangoni, akatazama ndani. Yule ng'ombe mweusi na wenzake watatu walikuwa wamelala katikati ya darasa, macho nusu, wanacheua. Nje jua lilikuwa linachoma hata mawe. Mzee Loshiro akachungulia juu ya bega la mgeni, akasema taratibu, "Huyu mweusi halali mchana. Hata chini ya mgunga halali. Humu kuna baridi nzuri."

Mkaguzi akaingia, akakaa kwenye dawati kando ya ng'ombe, akajifuta jasho mara moja, hakujifuta tena. Akaandika pale pale.

Darasa lilipita. Masharti yalikuwa mawili: lipu yote ibanduliwe na ipakwe upya kwa maagizo ya injinia, na jengo lizungushiwe uzio. Namsifu alilia kidogo, akanishika mkono, akasema, "Mzee, ungeniambia tu," na hilo ndilo liliniuma kuliko kicheko cha kijiji kizima. Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya wenzangu nikaomba radhi, bila kuulizwa.

Sasa tunajenga chumba cha tatu cha namna hii, na saa sita mchana watoto wako macho. Kamati imenibakiza mwenyekiti, ila iliweka kwenye muhtasari, kwa mwandiko wa katibu na sahihi yangu chini, kwamba kwenye msaragambo Mzee Kiangi ataomba, tena kwa ufupi, na hatakaribia shimo la udongo kwa hatua ishirini. Nimeweka jiwe langu hapo, hatua ya ishirini na moja. Naketi juu yake, naomba kwa ufupi, nashukuru, na mikono yangu naiweka mapajani ambapo kila mtu anaiona.