Sura Mia Tatu na Kumi na Mbili

Kwa miaka kumi na mmoja karani wa shule alipunguza picha za watahiniwa moja baada ya nyingine. Kamera ya shule hutoa picha nzito. Mfumo wa mtihani unataka nyepesi, za aina moja, kila moja na namba ya mwenyewe. Basi alifungua, akakata, akapunguza, akahifadhi, akafungua nyingine. Kazi ya siku nne. Wanafunzi walimwita Mama Sura, maana hakuna mtoro aliyepita mbele ya dirisha lake asitajwe jina. Alijifanya halijui jina hilo, ingawa lilimkaa vizuri.

Mwaka huu mwalimu wa hesabu alimletea programu ya bure inayopunguza na kugeuza picha zote kwa mkupuo. Alimwambia kwamba anayechota bahari kwa kijiko hastahili pole. Karani akajibu kuwa kijiko chake hakijawahi kumwaga. Lakini picha zilichelewa kupigwa, na mkuu wa shule alishatangaza: zitumwe kabla ya saa kumi jioni, na ambaye sura yake haifanani na namba yake hataingia chumba cha mtihani.

Programu ilizimaliza kwa dakika tatu, ikazipa na namba upya. Ikauliza kama ifute za zamani. Mwalimu, asiyependa mabaki, akakubali. Wakafungua namba moja: sawasawa. Mwalimu akaenda kunywa chai.

Karani akafungua namba mbili. Kwenye orodha alikuwa msichana. Kwenye picha alikuwa anaota ndevu.

Programu, ilivyobainika, haipangi namba kama watu wanavyopanga. Baada ya moja huweka kumi, kisha mia moja, kisha mia moja na moja. Mbili inasubiri huko nyuma. Ilipogawa namba upya kwa foleni hiyo, karibu kila mtu alipewa uso wa mwenzake.

Mwalimu aliporudi alisema kilichoharibiwa na namba hutengenezwa kwa namba, akachukua karatasi atafute kanuni ya kuzirudisha. Karani hakubishana. Alianza kwa sura: huyu kumi, huyu mia na tisa, huyu yule wa kuchelewa kila Jumatatu. Saa nane alikuwa amemaliza, mwalimu yuko karatasi ya tatu. Hakumcheka. Alimwuliza tu kama amletee kalamu nyingine.

Kanuni ilikamilika saa tisa. Wakalinganisha. Walikubaliana kila mahali isipokuwa kwa wasichana wawili, ambao karani alikuwa amempa kila mmoja picha ya mwenzake.

"Kanuni yako imekosea," alisema.

"Dada, huyu si binti wa dada yako? Unayeishi naye?"

Akasogeza kiti. Alikuwa ndiye. Miaka minne wanakula meza moja. Watoto wa watu alikuwa amewakariri kazini. Huyu wa nyumbani alimjua kwa mlio wa kandambili. Juu ya nyusi ya kushoto kulikuwa na kovu dogo ambalo hakuwahi kuliona.

"Ya kwako ndiyo sahihi, mwalimu." Akazirudisha mahali pake, akatuma zote saa kumi kasoro dakika sita.

Jioni, mezani, binti aliacha kutafuna.

"Mama mdogo, mbona unanitazama hivyo?"

"Hilo kovu ulilipata lini?"

"Nilikuja nalo hapa kwako."