Wandunguru Elfu Mbili

Hedwiga Hyera aliamka na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya misimu miwili. Nje ya dirisha lake la mizani, kwenye ghala la ushirika milimani Litembo, wakulima walikuwa wamepanga foleni na magunia yao ya kahawa. Kompyuta ilikuwa inamtafuta mtu mmoja tu, na dakika ya nne ilikuwa inakatika.

Mfumo ule ulitengenezwa na mtaalamu kutoka Dar. Ili utafute haraka, aliuwekea faharasa, yaani orodha kama ile ya mwisho wa kitabu cha nyimbo za kanisani, inayokupeleka kwenye wimbo bila kufunua kurasa zote. Sawa. Lakini bwana yule akaipanga kwa majina ya ukoo! Huku kwetu Umatengoni! Andika Ndunguru, wanaitika Wandunguru elfu mbili. Andika namba ya mkulima, ambayo kila mtu ana yake, mashine inapekua rekodi za misimu saba mstari kwa mstari, kwa sababu namba haikuwekewa faharasa. Hivi alishindwa nini kuuliza?

Hedwiga, aliyesomea kompyuta Songea, alimweleza meneja Salvatory mara tatu.

"Wewe ni karani wa mizani," Salvatory alimjibu. "Mfumo usiuguse."

Kisha akaagiza kompyuta mpya. Nayo ikapekua vilevile, ila kwa kioo kipana.

Saa sita manyunyu yakaanza. Bibi Walburga Ndunguru, aliyeianika kahawa yake wiki mbili, akavua kanga aifunike. Haikutosha. Hedwiga akasonya. Akaingia kwenye mfumo kwa nywila ambayo mtaalamu aliiacha imebandikwa ukutani, akaandika mstari mmoja wa kuweka faharasa kwenye namba ya mkulima. Mashine ikahangaika dakika tatu. Baada ya hapo kila namba ikawa inajibu papo hapo, na saa nane foleni ilikuwa imekwisha.

Ila kahawa ya bibi ilikuwa imeshalowa, na mpima unyevu akaikataa.

"Kumbe ilikuwa kazi ya dakika tatu?" bibi akauliza dirishani.

"Ndiyo, bibi."

"Na wewe ulijua lini?"

"Mwaka juzi."

"Basi na wewe ni wale wale," akasema Bibi Walburga, akainamia gunia lake.