Mzinga wenye Alama ya Chungu

Mdogo wangu Hilari alifuga nyuki bustanini, nyuma ya nyumba yetu ya Kwihara, nami nilizoea kumtazama kutoka mlango wa jikoni. Siku zile mwanamke hakusogelea mizinga. Wazee walisema nyuki hawapendi harufu ya jikoni, na mimi sikubishana nao kwa sababu naogopa kuumwa, basi. Hilari alikuwa na mizinga saba ya magome, mitatu juu ya mipera na minne juu ya nguzo za panda alizozichimbia mwenyewe. Kila mfuga nyuki huchora alama yake kwenye mzinga ili mwingine asiuguse. Ya Hilari ilikuwa mishale miwili. Mzinga wa saba, mdogo kuliko yote, ulikuwa na alama ya chungu.

Chungu kilikuwa alama ya mkewe, Sikuzani. Wanaume wa Kwihara walimcheka Hilari miaka, eti mke kupewa mzinga, tena wenye alama yake mwenyewe. Hilari aliwajibu kwamba wanzuki, pombe ya asali wanayokuja kuinywa kwake, anaipika Sikuzani, kwa hiyo wanywe au waende zao. Walikunywa.

Sikuzani alikufa mwezi wa pili mwaka sabini na nne, kwa homa ya siku tatu. Tulimzika ukingoni mwa bustani, chini ya mpera uliobeba mzinga wake. Hilari alisema, "Hapa," na wiki nzima hakusema neno lingine. Hakulia. Watu wakasema amejikaza kiume. Mimi nilikuwa nakaa naye nyumba moja tangu nifiwe na mume wangu, na niliona kwamba kule si kujikaza. Ukimpa chakula alikula, usipompa hakuuliza. Alikwenda kwenye mizinga bila kuwasha mwenge wa kuwafukizia nyuki, akaingiza mikono mitupu, wakamuuma wapendavyo. Zamani akiumwa aliukwangua mwiba hapo hapo kwa ukucha, maana ukibaki unazidi kumwaga sumu. Sasa aliiacha miiba yote. Alirudi jikoni mikono imeumuka kama maandazi.

"Husikii maumivu?" nikamuuliza.

Akaitazama mikono yake, akaigeuza huku na huku. "Sijui, dada," akasema.

Nikamkwangua mimi, mwiba mmoja mmoja, naye ametulia kama anayenyolewa. Siku ile niliogopa kuliko siku ya maziko.

Mwezi wa nane tukaambiwa na serikali tuhame. Kijiji kipya kilikuwa kando ya barabara, mwendo wa nusu saa kwa miguu, viwanja vimepangwa mstari na kila kaya ina nambari yake. Wakaja vijana wakaezua paa ili tusipate pa kurudi. Hata mimi, na maneno yangu haya, nilitazama paa likishuka kama natazama nyumba ya mtu nisiyemjua. Hilari alikuwa akifunga magunia.

"Mizinga ibaki," akasema. "Mzinga ukishaingia nyuki hauhamishwi. Baba hakuhamisha, babu hakuhamisha."

Mimi nina mdomo, kila mtu Kwihara anajua. Nikamwambia, "Ibaki imngoje nani? Mzinga wa Sikuzani uachwe porini kama hauna mwenyewe? Chukua yote." Hilari wa zamani angeniambia nikatazame vyungu vyangu. Huyu alisema, "Haya."

Jioni, nyuki walipokwisha kurudi ndani, akaziba midomo ya mizinga kwa nyasi na udongo, tukaipakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Akachimbia nguzo saba nyuma ya kibanda kipya, mahali pasipo na mti wala kivuli. Asubuhi akaizibua. Nikasimama mlangoni pa jiko langu la nyasi nikitazama. Nyuki wakatoka, wakazunguka juu ya kibanda, wakaondoka. Nikadhani wamekwenda kutafuta maua. Ikafika saa sita mchana, hakuna anayerudi. Wamepitisha miezi wakiruka kutoka bustani ile na kurudi bustani ile, nao hawakuwa na habari ya amri ya kuhama.

"Wamekwenda wapi?" nikauliza.

"Nyumbani," akasema Hilari, akaingia ndani kulala.

Kesho yake nikajifanya nakwenda kuokota kuni, nikafika bustanini. Nyuki wa mizinga yote walikuwa wameshikana bonge kwenye tawi la mpera, pale pale mzinga wa Sikuzani ulipokuwa. Usiku ulikuwa na baridi, ile ya mwezi wa nane, na wengi walikuwa wamedondoka juu ya kaburi. Siafu walikuwa wanawabeba. Nikarudi nikamweleza Hilari kila kitu.

"Basi," akasema.

Hiyo basi yake ilinichoma roho. Nilijua nyuki wale wakifa hadi wa mwisho, mdogo wangu atabaki hivyo hivyo mpaka tumzike naye, na aliyemponza ni mimi na mdomo wangu. Nikaenda moja kwa moja kwa Ngollo, balozi wetu wa nyumba kumi, nikamkuta ananyoa ndevu nje.

"Balozi, nataka ruhusa ya kurudisha mizinga kule tulikotoka."

"Watu wananiletea visingizio vya kurudi, mama Koleta," akasema, wembe hewani. "Mmoja kasahau jembe, mwingine kuku. Wewe umeniletea nyuki."

"Nyuki ndio waliorudi. Nenda ukawaamrishe wewe."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. Alimjua Sikuzani, alikuwa amekunywa sana wanzuki yake. "Mmoja tu," akasema. "Mkipeleka saba nitaulizwa kama mmehama. Na mrudi jua halijazama."

Nikampelekea Hilari ruhusa hiyo. Nilidhani atachagua mzinga mkubwa wa mishale, uliokuwa na masega mazito. Mtu yeyote mwenye akili angechagua huo, maana ile mingine ndiyo tunaiacha ife. Alipita mizinga sita bila kuigusa. Akaukumbatia ule wa chungu, akajitwisha kichwani, akatoka. Nikamfuata na moto kwenye kigae.

Bustanini hakulitazama kaburi. Alipanda mpera, akauegesha mzinga kwenye panda yake ya siku zote, mdomo ukatazama mashariki kama zamani. Nikawasha mwenge, nikampa. Ndiyo, nilisogea, mimi na harufu yangu ya jikoni, na hakuna nyuki aliyejali. Hilari akawasukuma kwa kiganja taratibu, konzi kwa konzi, kuelekea mlangoni mwao. Wachache wakaingia. Halafu wote wakaanza kuingia, wakisukumana. Alibaki juu kule akiwaangalia, mpaka tawi likawa tupu.

Aliposhuka alikuwa ameumwa chini ya jicho. Akakaa chini, kando ya kaburi. Nikapiga magoti nikakwangua mwiba kwa ukucha, nikamwonyesha, nikautupa. Akawa anawatazama wale nyuki waliokufa juu ya udongo. Akanyoosha mkono akaanza kuwaokota, mmoja mmoja, akiwaweka kwenye kiganja. Kiganja kikajaa, wakamwagika.

"Dada," akasema. "Inauma."

Ndipo akalia, kwa sauti, kama alivyokuwa akilia utotoni, nami nikamshika. Jua lilikuwa limeanza kushuka na Ngollo alikuwa anatusubiri barabarani. Nikamwacha asubiri.

"Inauma, dada. Inauma."

"Najua," nikamwambia. Mwiba nilikuwa nimeshautoa kitambo.