Hodi Ndani ya Simu

Nilizisikia simu zikilia kabla sijakata kona. Zililia pamoja, kaswida juu ya taarabu, na nilipoingia kichochoro chetu cha Malindi, hapa Unguja, nikaona kuwa zinalia nyuma ya mlango uliofungwa wa fundi wa simu. "Wenyewe wanazitafuta," aliniambia muuza kofia wa barazani. "Fundi tumemzika jana alasiri. Kwani hujasikia?" Sikuwa nimesikia. Nilikwenda kuchukua simu yangu, wasomaji wangu, nikarudi nyumbani bila simu na bila rafiki.

Wengi wenu mlimjua, yule mwanamke wa makamo mwenye miwani mikubwa, fundi aliyebisha hodi. Kila alipotaka kufungua simu aliiinamia, akasema "Hodi" kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha ndiyo akashika bisibisi. Siku moja mchukuzi wa bandarini alimcheka. "Bi, humo ndani mna nani? Jini?" "Wenzangu," alimjibu bila kuinua uso. "Na hii yako inavyonuka papa, hata jini angeshahama." Tulicheka mpaka muuza kofia akaja kuuliza kuna nini. Kisha fundi akatuonesha, chini ya kioo cha simu, unywele mmoja mweusi. "Huyu aliyeiunda kachoka, kofia ya kazi ikamteleza," alisema, akaufunika palepale alipoukuta. "Hauharibu kitu. Uacheni ukae."

Aliwajua wenzake hao wa viwandani kwa sababu alikuwa mmoja wao. Ujanani alikwenda ng'ambo kufanya kazi katika kiwanda cha simu, akifuta vioo kwa dawa inayokauka upesi, zamu nzima, ndani ya chumba kilichofungwa, mpaka vidole vikaanza kufa ganzi, halafu nyayo. Aliporudi Unguja vidole vyake vilikuwa havijui moto. Akafanya ufundi kwa macho tu. Chuma cha kuchomelea kikimuunguza, alitambua kwa harufu. "Hakiniumi," aliniambia, "na hiyo ndiyo tabu yake." Alilisema hilo kama mtu anayesimulia tabia za jirani aliyemzoea.

Nami nnaipenda simu yangu, siwafichi. Riwaya ninayoiandika sasa imo humo, sura kwa sura, nimeiandika nikiwa kitandani. Tukinunua simu tunauliza kamera, tunauliza chaji inakaa vipi, tunaigeuza kwenye mwanga na kuisifu kwa kuwa haina hata alama ya kidole. Tangu nimjue fundi yule, nikikiona kioo safi namna hiyo hujua kuwa kuna mtu aliyekifuta, na huwa natamani kujua mikono yake ikoje leo.

Siku ya khitma nilikwenda nyumbani kwao Jang'ombe. Pale yupo binti wa kaka yake, aliyemlea mwenyewe, naye alikuwa amepata kazi katika kiwanda cha namna ileile. Safari ilikuwa wiki hiyohiyo. Marehemu hakumkataza, maana alijua nyumba ile inavyohitaji mshahara. Watu walipotawanyika, wakala wa kazi aliingia, akatoa pole, akaletewa kahawa, kisha akaomba pasi ya kusafiria.

"Kazi nnaitaka," binti alimwambia. "Ila shangazi kaniachia masuali. Dawa ya kufutia vioo inaitwaje? Na anayeumwa huko, anauguzwa na nani?"

"Dawa ya kawaida tu, mwanangu. Wenzako wanaigombania nafasi hii."

"Basi wape. Au niletee jina la dawa na jina la hospitali, pasi utaikuta hapa."

"Ndege haimngoji mtu."

"Hewala. Na iruke."

Alisema hivyo ingawa aliitaka kweli safari ile. Nadhani huo ndio urithi wa fundi wetu. Hakutufundisha kuzichukia simu wala kuogopa kwenda mbali; alitufundisha kuuliza mapema, wakati mkono ungali unahisi. Wakala aliiacha kahawa nusu, akavaa viatu. Binti alimsindikiza kwa heshima zote mpaka kizingitini, akamtakia njia njema, akafunga mlango.